Nyumba ya Kiswahili Inapokarabatiwa ili Iuzwe: Kutoka Paa Hadi Uani

Nyumba ya Kiswahili ya mjini, ile iliyoenea Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke jijini Dar es Salaam na katika miji mingine mingi ya pwani na bara, ina ramani isiyobadilika sana. Mbele pana baraza, katikati pana mlango mkubwa, na kuanzia mlangoni ukumbi mwembamba hupita moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kila upande. Nyuma ni uani: jiko, bafu, choo, na mara nyingi mabanda ya vyumba vilivyoongezwa baadaye. Nyumba za mwanzo za namna hii zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti, kisha mabati. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, na katika miaka iliyofuata wenye nyumba wengi walibadili kuta za udongo kwa tofali za saruji, ukuta mmoja baada ya mwingine kadiri fedha ilivyopatikana, wapangaji wakiwa bado ndani. Katika muongo huohuo Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba za udongo katika maeneo kama Magomeni na kujenga za tofali mahali pake. Miaka ya 1970 ikaleta mradi wa viwanja vyenye huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ambao ndio uliozaa Sinza na Kijitonyama zinazojulikana leo.

Nyumba hizo sasa zina umri wa miaka hamsini hivi. Nyingi huingia sokoni pale wazee wanapofariki na warithi wakaamua kuuza na kugawana. Nyaya zake ni za enzi ya redio moja na taa nne, mabomba yake ni ya chuma, bati limekula kutu, na ramani yake ilikusudiwa wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Mnunuzi wa leo huja na mahitaji mengine, na hapo ndipo ukarabati unapoanzia: kwa kujua mnunuzi huyo ni nani.

Mahali kama Kariakoo jibu ni rahisi. Anayenunua pale ananunua kiwanja. Nyumba itabomolewa ili ghorofa lipande, na kila shilingi itakayowekwa kwenye dari au rangi itazikwa kwenye kifusi. Mitaa ya makazi ni jambo tofauti. Huko mnunuzi huwa familia inayotaka kuhamia, au mtu anayetaka nyumba ya kupangisha ambayo haitamsumbua kwa matengenezo. Wote wawili huangalia nyumba za jirani kabla ya kutaja bei, kwa hiyo mtaa wenyewe huweka kikomo. Tuseme nyumba nzima na safi ya ukubwa huo mtaani huuzwa shilingi milioni 100, na hii mbovu ilivyo inaweza kupata milioni 75. Nafasi yote iliyopo ni milioni 25, na humo ndani mna ujira wa dalali, kodi, miezi ya nyumba kukaa bila mpangaji, na faida ya mwenye kuuza. Anayetumia milioni 22 kwenye mafundi amefanya kazi ya bure. Hesabu hii hufanywa kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, na ikionekana haifai, nyumba huuzwa kama ilivyo, kwa bei yake ya haki.

Ikifaa, kazi hufuata njia ya maji. Karibu kila ubovu wa nyumba ya zamani ya pwani una maji nyuma yake: ya mvua yanayoingia juu, ya ardhini yanayopanda kutoka chini, au ya mabomba na choo yanayovuja kati. Kwa hiyo mpangilio ni paa kwanza, kisha mazingira ya msingi, kisha mabomba na nyaya, ndipo plasta, sakafu, na rangi mwisho. Kosa linaloonekana mitaani kila siku ni kuanza mwisho: rangi mpya na marumaru zinazong'aa juu ya ukuta mbichi. Nyumba ya namna hiyo hupendeza kwa msimu mmoja wa kiangazi. Masika yakiingia, rangi huvimba na kubanduka mapande mapande, na kama nyumba ilishauzwa, anayebaki na hasara ni familia iliyoweka humo akiba ya miaka. Ukarabati wa kuuza ni kazi halali na yenye faida, lakini kuficha ugonjwa wa nyumba chini ya rangi ni ulaghai, na unastahili kuitwa hivyo.

Paa hukaguliwa kutoka ndani, saa sita mchana. Fundi hupanda juu ya dari, huziba mwanga wa mlangoni, na kusubiri macho yazoee giza. Kila tundu la msumari na kila mpasuko wa bati huonekana kama nukta ya mwanga, na kila nukta huwekewa alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu. Matundu machache huzibika kwa misumari mipya yenye mpira na lami. Yakienea paa zima, au bati likibonyea kwa kidole kando ya kofia, kubadili paa ni nafuu kuliko kuziba kila mwaka. Anayenunua bati jipya huangalia geji: namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko geji 30. Karibu na bahari chumvi ya hewani hula bati jembamba upesi, na akiba inayopatikana dukani hupotea paani.

Mbao huchunguzwa kwa bisibisi. Kenchi nzima huikataa ncha. Iliyoliwa na mchwa au kuoza huipokea kama mkate. Sehemu za kuanzia ni miisho ya kenchi inapokaa juu ya ukuta, maana hapo ndipo maji ya gata mbovu hujikusanya. Kenchi mbili tatu zilizooza huweza kubadilishwa au kuunganishwa na mbao mpya iliyotiwa dawa bila kuezua nyumba yote. Mchwa wenyewe hutafutwa chini: njia zao za udongo hupanda ukutani hadi darini, na kuibadili mbao huku kichuguu kikiwa hai chini ya sakafu ni kuwapelekea chakula kipya.

Neno moja kuhusu paa la asbesto, ambalo bado lipo kwenye baadhi ya nyumba za zamani. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, na madhara hujitokeza miaka mingi baadaye. Bati hizo hazikatwi kwa msumeno, hazipigwi brashi kavu, wala hazivunjwi ili zibebeke. Hulowanishwa, hufunguliwa zikiwa nzima na watu waliojikinga, na hutupwa kwa utaratibu wa mamlaka ya mazingira. Kijana wa kibarua asipandishwe paa hilo na nyundo kwa sababu tu ujira wake ni mdogo.

Baada ya paa, macho hushuka chini ya ukuta. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam barabara imejazwa kifusi mara kwa mara, kila mara ikipanda kidogo, hadi nyumba iliyojengwa juu ya usawa wa barabara sasa ipo chini yake. Mvua ikinyesha maji huelekea barazani. Isitoshe, nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila tabaka la lami au nailoni kati ya msingi na ukuta, kwa hiyo unyevu hunyonywa na tofali na kupanda kimo cha goti, pengine kiuno. Dalili zake hujulikana: mstari wa rangi iliyobabuka, plasta inayotoa sauti ya uwazi inapogongwa, na unga mweupe wa chumvi unaorudi kila unapofutwa.

Njia rahisi ya kujua unyevu unatoka wapi ni kubandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne na kukiacha siku mbili. Matone yakijitokeza upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yamo ukutani. Yakiwa upande wa nje tu, ni mvuke wa chumbani, na dawa yake ni madirisha. Ukuta wenye maji ndani hutibiwa kwa kuyaondolea maji njia: udongo uliolundikana nje huteremshwa chini ya usawa wa sakafu, mtaro huchimbwa, na kando ya ukuta humwagwa zege lenye mteremko wa kupeleka maji mbali. Plasta iliyoharibika hubanduliwa hadi sentimita 30 hivi juu ya mstari wa unyevu, chumvi husuguliwa ikiwa kavu (kuiosha ni kuirudisha ndani), na ukuta huachwa uchi kwa wiki kadhaa. Subira hii huwashinda wengi. Lakini anayekimbilia kupaka rangi ya mafuta au kubandika marumaru hadi kifuani ameyafungia maji yasitoke, nayo hupanda juu zaidi na kutokea mahali papya.

Ukaguzi huo hauhamishiki ulivyo hadi kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu. Kuta zile nene zilikusudiwa kunyonya unyevu na kuutoa tena, na plasta ya saruji huzidhuru. Hutengenezwa kwa chokaa, na mabadiliko yake huhitaji idhini ya mamlaka za hifadhi, kwa kuwa miji hiyo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na 2001.

Kwenye nyumba za tofali za saruji kuna ugonjwa mwingine wa pwani: nondo zinazopasua zege. Zamani, na hata leo, baadhi ya wajenzi wamekuwa wakitumia mchanga wa ufukweni wenye chumvi. Chumvi huamsha kutu, kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na zege la lenta juu ya dirisha hupasuka kwa urefu na kudondoka. Kuziba ufa huo kwa plasta hakusaidii kitu. Zege bovu hugongwa likaondoka, nondo husafishwa hadi chuma king'ae na kupakwa dawa ya kuzuia kutu, au hubadilishwa kama imekonda, kisha humwagwa zege jipya. Ufa wa lenta ni jambo la mhandisi pale unapopita milimita chache au unapoendelea kukua.

Kabla ya plasta mpya, kuta bado zikiwa wazi, huja mafundi wa umeme na bomba. Mitambo ya umeme ya nyumba za miaka ya 1970 mara nyingi haina waya wa ethi kwenye soketi, ina sanduku la fyuzi lililofungwa vipande vya waya wa shaba, na nyaya za rangi nyekundu na nyeusi ambazo plastiki yake inakatika kwa kukunjwa. Leo nyaya ni za kahawia na buluu, na ethi ni ya kijani yenye mstari wa njano. Kuunganisha za sasa na za zamani ndani ya ukuta mmoja ni kumtegea mtego fundi wa baadaye, kwa hiyo nyumba husukwa upya yote. Taa hupata waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko la umeme au hita ya maji hupewa njia yake peke yake yenye waya mnene zaidi. Kwenye sanduku jipya huwekwa breka inayokata umeme pale miliampia 30 tu zinapovujia ardhini. Kifaa hicho kimoja ndicho kinachomwokoa mtu aliyeshika pasi mbovu akiwa miguu peku kwenye sakafu yenye maji. Kazi hufanywa na fundi mwenye leseni, naye huacha cheti cha majaribio.

Mabomba ya chuma nayo yamefikia mwisho. Kwa nje hupakwa rangi yakaonekana mazima, lakini ndani kutu imejaa hadi tundu limebaki la penseli, na maji ya asubuhi hutoka mekundu. Hubadilishwa na ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, kisha hujazwa maji kwa shinikizo na kuachwa usiku kucha. Kiungo kinachovuja huonekana asubuhi, kabla hakijafukiwa.

Sasa vyumba vyenyewe. Ukumbi wa kati ndio mahali mnunuzi anapopima nyumba yote kwa pua na macho, na kasoro yake kubwa ni giza. Bati mbili au tatu za plastiki inayopitisha mwanga, zikilingana na uwazi kwenye dari, huubadili kabisa kwa gharama ndogo. Milango ya mninga au mvule, hata ikiwa na tabaka kumi za rangi ya mafuta, haitupwi. Husuguliwa, hupigwa varnishi, na huwa kitu cha thamani kuliko mlango wowote mpya wa mbao laini utakaochukua nafasi yake. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo husuguliwa zikiwa zimeloweshwa, na vumbi lake hukusanywa. Kama milango hiyo, sakafu ya saruji nyekundu nayo huhifadhiwa. Pasipo na nyufa kubwa, sakafu hiyo hurudi kwenye mng'ao wake kwa kusuguliwa na nta, na ina ubaridi mguuni ambao watu wa pwani wanaupenda. Mwenye kuifunika kwa marumaru za bei rahisi ametumia fedha kupunguza uzuri.

Sebule haikuwepo kwenye ramani ya asili. Wageni walikaa barazani au ukumbini. Familia ya leo inaitaka, nayo hupatikana kwa kuunganisha vyumba viwili vya mbele vya upande mmoja. Hapa tahadhari ni kubwa. Katika nyumba hizi kuta za ukumbi na zile za kugawa vyumba mara nyingi hubeba uzito wa paa, na ukuta hauondolewi hadi ijulikane kenchi zimekaa wapi. Paa hutegemezwa kwanza kwa magogo, lenta ya zege yenye nondo humwagwa juu ya uwazi unaokusudiwa, huachwa ipevuke, ndipo tofali za chini hutolewa. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, na mafundi wenye haraka ya kulipwa huvua mbao siku ya tatu. Mabadiliko ya namna hiyo huhitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, na mnunuzi anayekopa benki ataulizwa juu yake na mthamini.

Vyumba vya kulala havina mengi. Kinachotakiwa ni hewa kupita, madirisha yenye wavu wa mbu usiochanika, na nondo za dirisha zilizopigwa msasa na rangi. Madirisha ya lovasi ya vioo hudharauliwa siku hizi na kubadilishwa kwa ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo hufungua nusu tu ya uwazi. Katika nyumba isiyo na kiyoyozi mabadiliko hayo huongeza joto. Lovasi nzima zenye vishikio vipya zinatosha, na fedha iliyobaki hupelekwa kwenye chumba kikubwa chenye choo chake, ambacho wanunuzi hukiulizia kabla ya kitu kingine. Chumba hicho kiwe cha nyuma, kinachopakana na uani, ili bomba la maji machafu liwe fupi na lisipite chini ya vyumba vingine.

Jiko la uani la mkaa na kuni huacha ukuta mweusi, na masizi hupenya rangi ya maji hata ikipigwa mara nne. Yatatokea tena kama mawingu ya manjano. Ukuta huoshwa kwa sabuni na maji ya moto, ukikauka hupigwa tabaka moja la rangi ya mafuta ya msingi, na rangi ya kawaida hufuata. Jiko jipya likiletwa ndani, meza yake ya zege hujengwa kimo cha sentimita 85 hadi 90, sinki huwekwa chini ya dirisha, na mtungi wa gesi huachwa nje, kwenye kisanduku chenye matundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Jiko dogo la uani lisibomolewe. Siku za shughuli, pilau la watu mia halipikwi kwenye jiko la ndani, na mama wa nyumba anayeikagua huliona hilo mara moja.

Choo na bafu ndiko biashara nyingi huvunjikia. Mnunuzi husamehe chumba kidogo, lakini hasamehi harufu. Na harufu hiyo kwa kawaida haitoki kwenye uchafu. Hutoka kwenye bomba lisilo na kona ya maji ya kuzuia hewa, au kwenye mfumo usio na bomba la kupumulia, ambapo maji ya kona hunyonywa kila choo kinapomwagiwa maji. Bomba la kupumulia hupandishwa juu ya paa, si kuishia kimo cha dirisha. Bomba la choo la milimita 100 hupewa mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita; likilala mno uchafu hubaki, na kila kona ya njia hupata chemba yenye mfuniko unaofunguka.

Sakafu ya bafu huteremka sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kabla ya marumaru hupakwa dawa ya kuzuia maji, ikipanda ukutani sentimita 20 kuzunguka chumba na juu zaidi kwenye eneo la kuogea. Kisha tundu huzibwa kwa tambara, maji humwagwa hadi kina cha kidole kimoja, kimo chake huwekewa alama ukutani, na mlango hufungwa hadi kesho. Asubuhi kinachoangaliwa ni mambo mawili: kama maji yameshuka chini ya alama kuliko yanavyoweza kukauka, na kama ukuta wa chumba cha pili umebadilika rangi. Jaribio hili halina gharama ila siku moja. Marumaru za sakafuni ziwe na mkwaruzo. Zile za kung'aa humvunja mzee nyonga.

Aina ya choo huchaguliwa kwa kuwafikiria wakazi wa mtaa. Nyumba yenye vyoo viwili hufaa iwe na kimoja cha kuchuchumaa na kimoja cha kukaa, vyote viwili na bomba la kutawadhia. Kwa wanunuzi Waislamu, ambao ni wengi katika miji ya pwani, choo kinachomwelekeza mtu kibla au kumpa kibla mgongo ni kasoro ya kweli, na kukigeuza baada ya marumaru kubandikwa ni kuanza upya. Dira ya simu hulimaliza jambo hilo kwa dakika moja, kabla zege halijamwagwa.

Uani kuna hatari isiyoonekana, nayo ni mashimo ya choo ya zamani. Nyumba yenye miaka hamsini huenda imechimbiwa matatu au manne, kila moja lilipojaa likafunikwa kwa slabu na kusahauliwa. Slabu hizo huchoka, na watu wameshatumbukia. Wazee wa mtaa huulizwa yalikuwa wapi, ardhi hugongwa kwa nondo, na kila shimo linalopatikana hunyonywa, hujazwa kifusi na mchanga kwa tabaka, na kushindiliwa. Karo jipya la vyumba viwili na shimo lake la kunyonyea huwekwa mahali ambapo gari la maji taka linaweza kufikisha mpira wake, na mbali na kisima chochote, cha nyumba hii au cha jirani.

Tangi la maji huongeza bei kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mgao wa maji umewafundisha watu kulitafuta. Tangi la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani 2, hivyo haliwekwi juu ya ukuta wa banda la zamani. Hujengewa mnara wake wenye msingi. Kisima kikiwepo, maji yake hupimwa maabara, kwa sababu karibu na bahari hugeuka kuwa ya chumvi, na karibu na mashimo ya choo hubeba vimelea.

Baraza na uso wa nyumba huja mwisho kwa kazi ingawa huonwa kwanza. Plasta mpya hunyweshwa maji kwa wiki moja na kupakwa rangi baada ya wiki nne. Rangi nyeupe au ya maziwa hurudisha joto la jua, na upande wa chini, kimo cha sentimita 60, rangi ya udongo huficha matope yanayorushwa na mvua. Baraza lenyewe hukarabatiwa kama baraza: kingo zilizovunjika hujengwa upya, sakafu hulainishwa, na nafasi hubaki wazi. Mtindo wa kuligeuza kuwa frem ya duka hulipa kwenye barabara kubwa tu. Katika mtaa wa ndani frem tupu iliyofungwa kwa mlango wa bati huiondolea nyumba mahali pa kupumzikia jioni, na bei hushuka nayo.

Wakati wote wa kazi huwekwa faili. Picha hupigwa ukutani na sakafuni kabla mabomba na nyaya havijafunikwa, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kando ili umbali usomeke. Humo huingia mchoro wa mahali karo na chemba zilipo, cheti cha umeme, kibali cha halmashauri, na risiti za kielektroniki za kila mfuko wa saruji. Risiti zina faida ya pili: nchini Tanzania muuzaji mkazi hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyopata kwenye mauzo, na gharama za kuboresha nyumba hupunguza faida hiyo pale tu zinapothibitishwa. Nakala ya faili hukabidhiwa mnunuzi pamoja na funguo. Hati ya kiwanja, ridhaa ya mwenza, na usimamizi wa mirathi pale nyumba inapokuwa ya urithi, ni mada nyingine.